Bi Nyevu haachi mgeni aende peke yake

Lynnette anafungua mlango wa kushoto, anaketi, anafunga mkanda, kisha ananyoosha mikono kushika usukani. Hakuna usukani. Uko upande wa pili.

Nje ya gari, Bi Nyevu anageuza uso kidogo ili asimtahayarishe.

"Wote huanzia hapo," anasema baadaye. "Ukimcheka, atakuficha makosa mengine. Nami nayataka yote ayafanye hapahapa, mbele yangu."

Ni saa tatu asubuhi, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Mombasa. Kazi ya Bi Nyevu, mkazi wa Chaani, ni kukabidhi magari ya kukodi kwa wageni. Kwa kawaida kazi hiyo ni fupi: mgeni anatia sahihi, anaonyeshwa mikwaruzo, anapewa ufunguo, kwaheri. Lakini Bi Nyevu hajawahi kuiweza kwaheri ya namna hiyo. Mgeni aliyezoea kuendesha upande wa kulia wa barabara, yeye humsindikiza mpaka Miritini, akiwa ameketi kando yake, kisha hurudi kwa bodaboda. Ofisi haikumtuma. Mdomo na roho yake ndivyo vilivyomtuma.

Lynnette alizaliwa Wundanyi, akachukuliwa Kanada akiwa msichana mdogo, na huko ndiko alikojifunza gari. Amerudi kumwona bibi yake. Kiswahili anacho bado, ila kinachechemea.

"Mama, ninaogopa," anasema. "Hii ni nchi yangu na sijui hata pa kukaa barabarani."

"Kaa katikati, mwanangu."

"Katikati?"

"Wewe dereva, mstari wa katikati uwe upande wako. Ukijiona uko karibu na majani, ushapotea njia."

Wanaondoka. Lynnette anataka kuashiria kwamba anapinda, na waipa zinaanza kufagia kioo kikavu. Hapo Bi Nyevu anacheka, na Lynnette anacheka pia, na gari zima linapoa.

Somo kubwa analiweka mwisho. "Lori mbele yako likiwasha indiketa ya kulia, utafanyaje?"

"Nitajua linapinda kulia."

"Hasha! Huko juu, barabara ya bara, mara nyingi dereva wa lori aongea nawe. Ya kulia yasema usinipite, mbele kuna gari. Ya kushoto yasema haya, pita. Na hata akikwambia pita, tazama kwa macho yako mwenyewe. Naye ni binadamu."

Miritini anashuka. Anainama dirishani na kusema anachowaambia wote: "Ukifika, nitumie neno. Kuna mtu nyumbani anangoja."

Mtu huyo ni mumewe, Munga. Kwa miaka mingi alitoa makontena bandarini Kipevu na kuyapeleka bara kwa lori. Bi Nyevu alipoajiriwa kuosha magari, kisha akapata leseni, ni Munga aliyemfundisha lugha ya barabara kuu, juu ya mkeka, chupa ya chai ikiwa lori na vikombe vikiwa magari madogo. Bi Nyevu mwenyewe hajawahi kuendesha kupita Mariakani. Anayowafundisha wageni ni barabara ya mumewe.

Sasa Munga haendeshi tena. Presha ya macho imemla uoni wa pembeni, na alichobaki nacho ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari amewaambia hata hilo tundu linaziba, na wenye jambo la kutazama wasichelewe.

Munga analo. Safari zake nyingi zilimpitisha Voi alfajiri, milima ya Taita ikiwa imejitanda mawingu, na anataka kuiona mara moja tena.

Mchana huo ameketi barazani, akisafiri na mtu asiyemjua.

"Sasa yuko Taru," anasema. "Hapo upepo hupiga, ashike usukani vizuri."

"Atashika, Baba Jafar," anajibu mkewe, aliyerudi kula. Jafar ni kifungua mimba wao.

Ujumbe unaingia saa nane na kitu. Bi Nyevu anausoma kwa sauti. Lynnette amefika, bibi amelia, wamekula. Kabla ya Maungu, lori lilimwashia indiketa ya kulia. Alitaka kupita, akakumbuka, akabaki nyuma. Mara basi likachomoza kwenye mwinuko likija mbio. "Mwambie huyo anayengoja, ahsante sana."

Munga anasogea karibu na mkewe. Kisha anauliza, "Na milima? Muulize kama ilikuwa na mawingu."

Lynnette anatuma picha. Munga anaishika simu karibu na jicho, anaizungusha taratibu, anaitafuta milima, haioni.

"Naona weupe tu," anasema, na kumrudishia mkewe simu kwa upole, kana kwamba mkewe ndiye anayehitaji kubembelezwa. Bi Nyevu anafuta kioo cha simu kwa ncha ya leso yake, ingawa hakikuchafuka.

Mwezi ujao, inshallah, atakuwa mteja wa ofisi yake mwenyewe. Amekodi gari kwa siku mbili ampeleke Munga Voi, na litameza sehemu nzuri ya mshahara wake. Gershom, msimamizi wake, ndiye atakayemkabidhi ufunguo, naye amekwisha kumtania: mgeni wa barabara, ni nani atakayemsindikiza?

"Ninaye," alimjibu.

Munga ataketi kushoto. Atamwambia wapi kuna kona na wapi kuna mteremko, naye Bi Nyevu ataona kwa niaba ya wote wawili. Anaogopa? "Wallahi naogopa," anasema. "Lakini naogopa zaidi kungoja."

Alikuwa amepanga wakishapita Maungu amguse mkono na kumwelekeza ilipo milima. Munga amekataa.

"Usinionyeshe," alimwambia. "Wewe angalia barabara. Nataka niitafute mwenyewe."

Bi Nyevu amekubali. Hapo, anasema, atapunguza mwendo tu.