Mafungu Manne Hadi Dar

Ndege ya Bukoba kwenda Dar, usipohesabu kule kusimama Mwanza, haimalizi saa mbili. Nimetazama saa kwenye simu kwa kukosa la kufanya. Nimechoka, rafiki yangu. Viatu vina udongo wa Kamuli, na mapajani nimepakata fungu la jani la mgomba ambalo abiria wa pembeni analinusa kwa siri.

Kwetu Kamuli safari haikupimwa kwa kilomita. Bibi, mama yake baba, aliyenilea, aliipima kwa entanda, yaani chakula cha njiani. Kanisani hakukuwa na fungu. Kituntu, alikoolewa shangazi, fungu moja. Bukoba, mawili. Alipasha jani motoni mpaka likalainika, akapanga ndizi na maharage, akatupia nsenene wakavu, wale panzi wetu wa kuliwa, kama wapo, akafunga kwa kamba ya mgomba. Kazi yangu ilikuwa kuleta majani, na nikileta lililochanika narudishwa shambani. "Asiye na entanda hasafiri," alizoea kusema, "anazurura tu."

Nilipokwenda Dar kwa basi mara ya kwanza alinifungia manne. La nne lilichacha, nikalila hivyo hivyo.

Baadaye nikapata kazi na nauli ya ndege, nikaja nyumbani naringa. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta jikoni anapasha majani.

"Bibi, acha. Ndege haitaki entanda. Wanakupa biskuti, hujaimaliza umefika."

"Hata fungu moja?"

"Hata nusu."

Akaketi na majani yake mkononi. "Kumbe Dar ni karibu kuliko Kituntu!"

Nilicheka sana. Nikawasimulia wenzangu ofisini, nao wakacheka.

Sikurudi kwa miaka sita. Kazi, mtoto, tena kazi; sababu hizi unazijua, kila mtu anazo zake. Simu nilipiga. Hakulalamika hata siku moja, nami nikaona mambo ni sawa.

Juzi, tulipokwisha kumzika, jirani yetu wa ng'ambo ya mibuni aliniita jikoni kwa bibi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Kila Jumapili akitoka kanisani alikutengea chakula," alisema. "Nikamwambia, mama, Dar ni mbali, mtu wa mbali hatengewi, husubiriwa Krismasi. Akanikatalia. Akasema, ni karibu, mjukuu mwenyewe kaniambia, hata entanda habebi." Akaendelea kusugua sufuria. "Jioni aliwapa wanangu."

Jiko lile sasa limefungwa. Hakuna tena wa kunirudisha shambani kwa ajili ya jani lililochanika, na fungu hili amenifungia jirani, kwa kamba ya nailoni. Jani hakulipasha vizuri, limepasuka pembeni. Mhudumu amepita na biskuti zake, nimekataa. Nimelifungua hapa hapa kitini, nimekula ndizi baridi kwa vidole huku nalia, na abiria wa pembeni akijifanya amelala.

Nimemaliza, na rubani anatangaza kwamba tunashuka Dar. Bibi angehesabu fungu moja, sawa na Kituntu. Shangazi alikuja kutoka Kituntu kila mwezi, na hakukosa hata mmoja.