Mto Athi na Neno Nililomficha Ndinda

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Ilikuwa Jumamosi, mwisho wa Oktoba, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi karibu na Mbumbuni, na kila mtu alinijua kwa viatu, maana nilikuwa nikivipiga rangi hata nikienda kuchota maji. Usicheke. Ujana ni moshi, na mimi nilifuka kwelikweli.

Siku hiyo nilikuwa napeleka mbuzi wa ntheo. Kwetu Ukambani, bila mbuzi hao watatu wa kufunga ndoa, hata ukae na mke miaka arobaini, wazee watakuambia huyo bado ni mtoto wa watu. Mchumba wangu, Kanini, alikuwa wa Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, nyuma ya uwanda wa juu wa Yatta, na wazee wake walikuwa wanatungoja saa sita mchana. Aliyenisindikiza ni kaka yangu Mutua. Huyo hakuwa kaka tu. Baba alifariki nikiwa mdogo, na Mutua ndiye aliyeacha shule akalima mashamba ya watu ili mimi nisome. Kila kalamu niliyoshika aliinunua kwa jembe.

Ijumaa tulilala kwa jamaa karibu na mto, na asubuhi tukafika mahali pa kuvukia. Daraja lilikuwa mbali, ungezunguka siku nzima. Maji yalifika magotini. Juu hapakuwa na wingu hata la dawa, na kwetu mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tano.

Pale mtoni alikaa mzee mmoja, Mzee Kilonzo, ambaye maisha yake yote alikuwa akivusha watu. Alfajiri alisimika fimbo ukingoni apime maji yamepanda au yameshuka. Desturi ilikuwa hivi: huingii mtoni kabla ya kumwamkia na kumuuliza maji yameamkaje. Hata wachuuzi wa ng'ombe, watu wasiosalimia mtu, walimuuliza. Mimi sikuuliza. Mutua ndiye aliyeuliza. Mzee akainama, akaokota majini jani lenye ncha nyingi nyembamba, akanionyesha mimi, si Mutua.

"Mwalimu, jani hili si la kwetu, maji yamelitoa huko juu. Ngojeni mpaka jua lisimame."

Jua lisimame! Saa hiyo wazee wa Kitui wangekuwa wamekaa vitini wakiniita mtu ovyo. Nikamwambia, na bado naona aibu kwa sauti niliyotumia: "Mzee, hapa hakuna hata wingu. Mafuriko yatatoka wapi?"

Mutua aliliangalia lile jani kwa muda. Alitaka kusema kitu, nilimwona. Kisha akasema, "Aliyesoma ni wewe, Mwalimu. Ukisema twende, twende."

Nikasema twende.

Nilitangulia, viatu vimening'inia shingoni. Mutua alinifuata akivuta mbuzi kwa kamba aliyoizungusha kiganjani mara tatu nne, wasije wakampotea. Nilikuwa nimebakisha hatua chache nifike ng'ambo niliposikia mto ukinguruma kule juu. Nilidhani ni lori. Nikageuka, nikaona maji mekundu yakija na magogo, yamesimama wima. Nilikimbia nikapanda ukingo. Nikamwita Mutua, nikamwambia aachie kamba. Sijui kama alinisikia. Mbuzi walichukuliwa kwanza, nao wakamvuta. Mzee Kilonzo, na umri ule wake, aliingia hadi kiunoni akarudishwa na maji. Kaka yangu alipatikana Jumatatu, mbali sana huko chini, na wachunga ng'ombe. Kamba ilikuwa bado mkononi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu langu ni zima hadi leo. Aliyevunjika ni mwingine, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku ya mazishi Ndinda, mke wa Mutua, alinijia mbele ya watu. Hakupiga kelele. Aliniuliza neno moja tu: "Shemeji, hukujua?"

Nikamjibu, "Sikujua. Nani angejua?"

Watu wakatikisa vichwa wakinihurumia. Mhubiri akasema ni mapenzi ya Mungu. Mzee Kilonzo alikuwapo. Mtu mwingine angesema nilikuambia. Yeye hakusema, si siku hiyo wala nyingine yoyote mpaka naye tukamzika.

Sasa nikuonyeshe uongo ulipo. Juma lilelile nilikuwa nimefundisha darasa la sita mito ya nchi yetu. Niliuchora Athi ubaoni tangu vilima vya Nairobi unakoanzia, nikauzungusha, nikaupitisha chini ya Yatta, nikaonyesha unavyokutana na Mto Tsavo ukaitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka ukamwagika baharini karibu na Malindi. Niliwaambia kwamba kabla ya reli babu zetu waliuvuka mto huu wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Kwamba ndio unaotutenga na Kitui, na ndio huohuo unaotufunga na nchi nzima, mlima hadi bahari. Halafu nikagonga meza kwa rula, nikawaimbisha: mvua ikinyesha Nairobi, Athi hufurika kwetu hata kama hatuna wingu.

Nilijua, mwanangu. Nilijua kwa chaki. Pale mtoni, mbele ya mzee asiyejua kusoma, sikukumbuka hata neno moja, maana nilikuwa nikifikiria wakwe.

Kanini nilimwoa baadaye. Watoto wa Mutua niliwasomesha wote, na kanisani nilisifiwa kuwa baba mdogo wa mfano. Kila sifa ilinichoma. Nilifundisha mito miaka mingi, na tulipofika Athi niliwaambia wasome wenyewe kitabuni, nikatoka nje.

Nilistaafu wakati Makueni yetu imekwisha kuwa wilaya inayojitegemea, siku hizo zote nikisema nitamwambia Ndinda kesho. Mwishowe nilikwenda. Asubuhi, nikamkuta uani akipukuchua mbaazi, miguu imemvimba. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote, na jani, na somo. Hakuacha kupukuchua.

"Mwende wangu alikuwa darasani mwako," akasema. "Alhamisi ile alirudi akatuimbia somo lote tukila, mimi na baba yake."

Kumbe Mutua alilisikia! Kumbe pale mtoni, akitazama lile jani, alikuwa na maneno yangu kichwani, akayaacha kwa sababu mimi mwenyewe niliyaacha.

"Nilikuuliza kwa kuwa nilijua," akasema Ndinda. "Nilikusamehe zamani, Shemeji. Nilitaka tu useme, nipate mtu wa kulia naye. Nimelia peke yangu miaka hii yote."

Akaweka ungo chini, akalia. Nami nikalia, mzee mzima. Lakini majuto ni mjukuu, na wangu alikuja wakati Ndinda amebakiza miezi miwili ya kuishi. Miezi miwili, baada ya karibu miaka thelathini.

Kwa hiyo mwanangu, soma sana, lakini usiache elimu yako ubaoni. Akikuambia ngoja mtu ambaye mto umemfundisha, ngoja. Wakwe hukasirika wakapoa. Na mto usiuhesabu kuwa wako kwa kuwa unapita kwako. Mvua ya watu usiowajua itakufikia, na uchafu wako utamfikia mwingine anayechota. Ukikosa, sema ungali unaulizwa. Usimwache mtu akikungoja na kilio chake kwa sababu ya jina lako zuri.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa cheo. Akupe wazee wa kukuonya na ndugu wa kukupinga, na kila maji utakayoyaingia, akutoe ng'ambo pamoja na wenzako.