Shibuda Arudi Mstarini

Vita vya Kagera vilipokwisha, Shibuda alirudi Nyarubungo na mguu mmoja wa nyama na mwingine wa mti, na kijiji kikampokea kwa heshima zote: kilimwandika kwenye orodha ya wasiojiweza. Akawa anashinda barazani na vikongwe, akipukuchua maharage, huku Wasukuma wenzake wakilima shamba la kijiji kwa bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa ngoma. Kabla ya vita, yeye ndiye aliyeongoza mstari.

"Daktari akiandika kwamba unaweza kulima, nakufuta orodhani," alisema Anatoli, katibu wa kijiji, aliyeamini karatasi kuliko macho yake.

Ndipo Daktari Bernadetha alipokuja na wanafunzi wake wa udaktari, awafundishe namna ya kumrudisha mlemavu kazini. Renatus, hodari wa darasa, alimpima Shibuda goti, nyonga, na hatua kumi za barabarani. Akaandika: anatembea vizuri, shamba hawezi.

"Umemwona shambani?" aliuliza Bernadetha.

"Mguu wa mti utazama, Mwalimu. Ni hesabu tu."

"Hesabu nzuri," alisema Shibuda. "Ndiyo maana nimeupigilia tairi." Akauinua. Chini palikuwa na kipande cha tairi la lori, kipana kama sahani. "Wewe una miguu miwili, daktari wangu. Twende tukalime, nami nikupime."

"Nenda," Bernadetha alimwambia Renatus. "Somo limehamia huko."

Ngoma ikalia. Shibuda akarusha jembe juu, akazunguka juu ya tairi, akalidaka, akalima. Vigelegele! Renatus, na miguu yake yote kamili, alilima nje ya mpigo, akakata shina la muhogo wa kijiji, kisha akakaa kwenye tope bila kukusudia.

"Jamani, mpimeni nyonga!" alipiga kelele Suzana, mke wa Shibuda. Ngoma ikakatika kwa kicheko. Hata Bernadetha alikaa chini, ameshika mbavu.

Renatus, akicheka mpaka kwikwi, aliomba karatasi yake na kuandika upya: shamba anaweza, mpimaji ndiye aliyeshindwa.

Anatoli aliisoma mara mbili, akalifuta jina la Shibuda. Kalamu ikabaki hewani.

"Tatizo, wilayani nimeshapeleka idadi ya wasiojiweza. Watu kumi na mmoja." Akamtazama Renatus, aliyekuwa bado matopeni. "Daktari, jina la baba nani?"

Shibuda hakungoja kusikia. Ngoma ilikuwa imeanza tena, na mbele ya mstari hapakuwa na mtu.