Waliulizwa Wanaume wa Lubunga

Niliondoka Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa sababu ya mashine. Ilikuwa miaka ya vita, na kampuni ya kigeni yenye viwanda vya sabuni katika nchi tatu za kandokando ya ziwa ilitaka kuivusha ng'ambo mashine yetu ya kukamulia mawese. Sisi wanawake tulioiendesha tulizipata habari hizo kwa wapagazi wa bandarini. Tulipigwa na butwaa, maana siku tulipoajiriwa tulisomewa sharti la kampuni yenyewe: kabla ya kufunga au kuhamisha kiwanda, wafanyakazi wataulizwa. Mimi sikupita darasani, lakini nililolisikia silipotezi. Mashamba yetu yalikuwa yameachwa kwa hofu ya askari. Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba zetu. Wenzangu wakanituma kwa mkaguzi wa kazi, huko Fizi mlimani, kabla boti ya kampuni haijafika.

Alfajiri nilishika njia pamoja na Mama Sifa, aliyekuwa akikata sabuni. Magari yalikuwa yamekoma, tukaenda kwa miguu. Nilidhani naijua barabara ile. Vijiji nilivyopita nikiwa bibi harusi vilikuwa kimya, milango imeng'olewa, mihogo imezidiwa na majani hadi vizingitini. Mbele tulifika penye kamba ambayo askari walikuwa wameifunga kukatiza barabara.

"Bamama, munaenda wapi?"

"Fizi, kuuliza juu ya kazi yetu," nilisema.

Askari akacheka. "Mu hii vita, munauliza juu ya kazi?"

"Na we, hiyo bunduki si kazi?" Mama Sifa akamjibu. "Balikuuliza mbele ya kukupatia?"

Yule kijana aliacha kucheka. Aliitazama bunduki kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, kisha akashusha kamba, tukapita.

Jioni, katikati ya mlima, tulipokewa na mjane mmoja aliyekuwa na ugali wa bukari na sombe, majani ya muhogo yasiyo na chumvi. "Mukishinda, muniletee sabuni," alisema. "Mukishindwa, mupite njia ingine."

Asubuhi tuliingia Fizi. Ofisi ya mkaguzi ilikuwa imeezuliwa bati upande mmoja, naye ameisogeza meza yake penye kivuli. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Mama, Direkta wa kampuni alipita hapa. Anasema aliuliza. Alikaa mu lubunga yenu, bazee bakakubali."

Lubunga ni banda la wanaume wetu, wanapoketi kuamua mambo ya ukoo. Mwanamke hupeleka chakula, akaondoka.

"Bazee gani?" nikauliza.

Jina la kwanza alilolitaja lilikuwa la mume wangu.

Siku ile nilikuwa naikumbuka. Chakula nilikipika mimi. Niliweka sahani mbele ya Direkta, nikamnawisha mikono, nikarudi jikoni. Nao wakaanza kuijadili kazi yangu.

"Bwana yako anatumika kazi ku mashine?" mkaguzi aliuliza.

"Anavua samaki, ndagala tu."

Mkaguzi alivuta karatasi. Akaandika uamuzi wake kwamba mashine isipakiwe kabla Direkta hajaketi na wanawake wenyewe. "Lakini usikie muzuri, mama. Sharti linasema abasikilize. Halisemi abatii."

Neno hilo lilinishtua kuliko jina la mume wangu. Nililibeba mlima mzima.

Tuliporudi Baraka, boti ilikuwa imekwisha kutia nanga. Nilipita kwanza nyumbani.

"Baba Asha, ulikuwa uniambie siku gani?"

"Nilifikiri Direkta alikuambia," mume wangu alisema, akitengeneza wavu. "We ndiyo mutu wake wa kazi."

Direkta aliisoma karatasi ya mkaguzi, akatii. Tulimketisha kiwandani juu ya beseni lililofudikizwa, wala hatukumpa chakula. Tulisema yote. Alisikiliza, kisha akajibu kwamba amri imetoka kwa wakubwa wa ng'ambo, na kwamba mashine ikibaki itachukuliwa na wenye bunduki. Itakwenda.

"Basi tuachie ile mashine ya zamani ya mukono," nilisema, "na vibao vya kumwagia sabuni igande."

Alinitazama kwa mshangao. "Ile kuukuu? Nilikuwa niitupe ziwani. Wazee hawakuitaja kabisa."

"Bangeitaja namna gani?" Mama Sifa alisema. "Bo bazee banajuaka sabuni ikiwa mu maji ya kuoga tu."

Mashine kubwa ilivuka ziwa. Ya mkono ilibaki; tuliikamulia mawese, tukapika sabuni na kuiuza, nayo ilitulisha hadi vita vikaisha. Mjane wa mlimani alipata kipande chake.

Nilichojifunza ni hiki: kuulizwa si kushinda, lakini asiyeulizwa hupoteza hata kile ambacho hakuna aliyekitaka. Na tangu siku ile, mume wangu akienda lubunga, chakula hakitoki jikoni kwangu kabla sijaambiwa linalokwenda kusemwa.