Wa Mwisho Ni Yeye

Kijitabu cha mazishi kilisema kwamba baba yangu alipenda michezo, marafiki na imani. Basi. Kiliandikwa na baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye sidhani aliwahi kukanyaga uwanja wa Noonkopir hata siku moja. Kila mwanamume anayezikwa Kajiado alipenda marafiki. Wangemwandika hivyo hata mtu aliyekuwa akiwafungulia wageni mbwa.

Baba yangu alikuwa refa. Jumapili asubuhi alikuwa mzee wa kanisa, akisoma matangazo mbio mbio kwa sababu mechi ilianza saa nane. Saa nane alikuwa katikati ya vumbi, kaptula nyeusi imempita magoti, amezipigisha magoti timu zote mbili kwa maombi. Akishasema amina, dakika ya kumi anamtoa mmoja wao nje bila huruma. Alitukanwa na Kitengela nzima na hakujali. Alikuwa akisema, "Refa asiyepuliza ni mtazamaji tu aliyekosa kiti."

Rafiki yake mkubwa alimpata kwa kadi nyekundu. Huyo alikuwa golikipa, mfugaji kutoka Oltepesi, na alikataa kutoka. Mechi ilisimama hadi ikaharibika. Jioni yule mtu alitufuata nyumbani kuendeleza ubishi, mama akampa chai, na ubishi wenyewe haukuisha hadi baba alipokufa. Walizeeka wakibishania mpira mmoja. Wakichoka kubishana waliomba pamoja, baba kwa Kikuyu, rafiki yake kwa Kimaasai, na hakuna aliyemtafsiria mwenzake.

Wiki chache kabla ya kufa, baba aliniita tukiwa tunatazama mechi, sauti ya televisheni imezimwa kwa sababu watangazaji walimkera.

"Siku yangu, pasta aombe," akasema. "Akimaliza, mzee wangu wa Oltepesi anibariki. Wa mwisho ni yeye. Halafu ndio mnifunike. Wewe ndio firstborn, hiyo ni kazi yako."

"Sawa, Baba."

Nilisema sawa. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu hasira zangu nyingine zote zinaanzia hapo.

Tulimzika kwenye shamba letu, nje kidogo ya Isinya. Asubuhi hiyo, nikichagua koti lake la kuzikwa nalo, niliikuta filimbi yake ya urefa mfukoni. Niliitia kwenye mkoba wangu. Kisha nikafungua kile kijitabu, na kwenye ratiba jina la rafiki yake halikuwemo. Nilimfuata baba mdogo kwenye hema.

"Hapo tumekata kidogo," akaniambia. "Si unajua time. Na ndugu yangu alikuwa mzee wa kanisa. Hatutaki mambo ya kutemea watu mate mbele ya wageni."

Mambo ya kutemea mate! Yule mzee amebatizwa, ameoa kanisani, anajua Zaburi nyingi kuliko baba mdogo na kamati yake yote. Na Mmaasai akikutemea mate kidogo ya baraka, amekupa kitu ambacho hakipatikani kwenye kijitabu. Yote hayo niliyajua. Nikajibu, "Tutaona," kama mtoto, nikaenda kukaa.

Mzee mwenyewe alikuwa ametoka Oltepesi alfajiri. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya shuka, na mkononi ameshika fungu la majani mabichi ya kubarikia aliyoyachuma kwake, kwa sababu alijua huku kwetu yamekauka. Hakuna aliyempa kiti. Aliniona, akaniinamishia kichwa, akanisalimu kwa Kimaasai kama alivyonisalimu tangu nikiwa mtoto. "Takwenya, entito ai," yaani binti yangu. Niliitikia, "Iko." Nilishindwa kumtazama usoni.

Pasta alikuwa katikati ya mahubiri magari ya mheshimiwa yalipofika. Pasta akanyamaza! Neno la Mungu likakatwa katikati ili mtu apate mahali pa kuegesha. Mheshimiwa alisema amekuja kusalimia tu. Akafungua kijitabu mbele yetu, akasoma kwamba marehemu alipenda michezo, marafiki na imani, kisha akamsahau marehemu kabisa. Tulielezwa habari za barabara, za wapinzani wake, za uchaguzi ujao. Watu walipiga makofi. Jeneza la baba yangu liko pale, na watu wanapiga makofi.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umeishika filimbi hadi kiganja kikaniuma. Nilijiambia, mwanamke mzima, utaaibisha familia. Nilijiambia atamaliza sasa hivi.

Alipomaliza, nusu ya watu waliondoka naye kupigwa picha. Pasta alikuwa na mazishi mengine, akaomba kwa haraka. Baba mdogo akapunga mkono, na vijana wakaanza kumwaga udongo. Mzee wa Oltepesi alikuwa amepiga hatua moja mbele, majani mkononi. Aliona udongo, akarudi nyuma ile hatua. Hakulalamika, na ningependa angelalamika. Walifunika, wakashindilia kwa sepetu, na watu wakaelekea kwenye chakula huku viti vikipakiwa kwenye lori.

Hapo ndipo nilipopuliza.

Sikuwa nimepanga. Nilipuliza kwa nguvu zangu zote, kama alivyopuliza yeye, mara moja na ndefu. Pale kwenye foleni ya pilau, wanaume wenye vitambi na mvi walisimama ghafla. Mmoja aliacha kijiko hewani. Walikuwa wachezaji wake wa zamani, na ile filimbi iliwahi kuwatoa nje karibu wote. Waligeuka na kurudi bila kuitwa, sahani mikononi, hadi wakalizunguka kaburi.

"Huyu mzee hajaongea," nikasema. Sauti ilitoka vibaya.

Alibariki kwa Kimaasai, akipunga majani juu ya udongo, na kila alipotua waliitikia "Naai", ile amina ya Kimaasai, Wamaasai na Wakikuyu, kama watu walioomba pamoja kila Jumapili saa nane. Baba mdogo alisimama mbali. Hadi leo anasema niliyageuza mazishi kuwa mechi.

Na watu wa Noonkopir wakinikuta sokoni hunisifu. Wananiambia, ulipuliza kama mzee mwenyewe. Nawashukuru na kuondoka haraka. Baba alisema abarikiwe kabla ya kufunikwa. Aliniomba jambo moja tu, na filimbi nilikuwa nayo tangu asubuhi.