Kabati la Msaji la Mjukuu Wangu

Mie nina miaka sabini na mbili. Nimeishi kupita utawala wa Mjerumani, vita viwili vikuu, na mafundi wote walionifundisha kushika randa.

Leo, jamani wa baraza la Chang'ombe, kabati limenishinda.

Wakwe wa Mtoni wamemletea mjukuu wangu Mwanahawa kabati la msaji, ile mbao ngumu ya rangi ya kahawia. Harusi ni Ijumaa. Mlango ulikuwa unabana.

Mama wa bwana harusi akasema, "Usijisumbue mzee, tutamwita fundi."

Fundi? Mbele yangu mie?

Nikapiga randa ukingoni. Randa moja tu, mbao nyeupe ikatokea.

Nikawaambia, huo ni weupe wa ganda la mti, moyo wa msaji uko ndani. Nikapiga tena. Nyeupe. Nikageukia uso wa mlango. Nyeupe!

"Babu, basi," Mwanahawa akalia.

Sikuacha. Nilikuwa nautafuta msaji.

Bwana harusi akaokota kipande cha kwanza nilichokiranda, chembamba kama karatasi. "Babu, siku hizi msaji unabandikwa juu tu. Ndani ni mbao ya kawaida."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema unaujua msaji tangu tumboni mwa mama yako."

Sasa nina gundi mkono huu, vipande mkono huu. Kila nikikinyoosha kimoja, kinapasuka.

Nyie mnaojua mbao, nifanyeje?

Asiyeamini amwulize mama wa bwana harusi. Yupo uani kwangu. Chai yake imepoa, hajaigusa.