Chupa Iliyorudi Imejaa

Kwa miaka mingi nilikuwa sinywi maji mchana. Si dini, wala si daktari aliyenikataza. Polio ilinipata nikiwa mdogo, ikaniachia miguu ya mapambo, nami nikajifunza mapema kwamba mtu asiyeweza kufika chooni mwenyewe ni heri asiwe na haja ya kufika. Shuleni niliishi hivyo, chuoni nikaishi hivyo, na nilipopata kazi ya kupokea simu katika hoteli moja mjini Doha, nilitoka Kenya na ustadi wangu huohuo.

Hotelini kulikuwa na choo cha walemavu, tena kizuri, chenye vyuma vya kushikia. Walikigeuza stoo ya ndoo na mafagio, na ufunguo alikaa nao msimamizi wa usafi, mwanamume mwenye sauti kubwa aliyependa kumwuliza mtu jambo lilelile mara mbili mbele ya watu. Sikuwahi kumwomba. Kila asubuhi nilitoka mtaa wa Najma, nilikopanga chumba na nesi mmoja wa Kisii, nikiwa na chupa ya maji mapajani ili watu wasinisumbue kwa kuniuliza mbona sinywi. Kila jioni nilirudi nayo, nikafunga mlango, ndipo nikanywa.

Safari ya jangwani ilikuwa wazo la huyo nesi. Treni ya mjini ilikuwa bado haijaanza, na sisi tuliokaa Najma tuliijua Doha kwa dirisha la basi tu: nyumbani, kazini, dukani, kanisani. Dereva wa basi la wafanyakazi wa hoteli, Mzanzibari mpole mwenye ndevu za mvi, mwishoni mwa wiki alikuwa akipeleka wageni jangwani kwa Landikruza ya hoteli. Mwezi wa nne, wageni walipopungua, alipewa ruhusa kutupeleka sisi: mimi, nesi, na dada wawili wa kanisani. Tungelala huko usiku mmoja, kwenye mahema, pale bahari inapoingia katikati ya mchanga.

Nilikataa. Nesi akasema nisipokwenda atanifunga kwa leso anibebe kama mzigo wa sukari. Nikacheka, nikakubali, halafu nikakosa usingizi wiki nzima. Watu walidhani naogopa nyoka. Mimi nilikuwa naogopa siku moja na nusu bila mlango wa kufunga. Kwa hiyo Alhamisi mchana, kama kawaida, sikunywa, na Alhamisi jioni, kwa mara ya kwanza, sikunywa hata nyumbani.

Ijumaa asubuhi lami ilipokwisha, dereva alisimama akapunguza upepo wa magurudumu ya gari, maana gurudumu lililojaa huzama mchangani. Akatazama kiti changu cha magurudumu kilichofungwa nyuma.

"Na hiki nikipunguzie, dada yangu?" akauliza.

"Punguza. Na mimi mwenyewe nipunguze kilo kadhaa."

Alicheka, akapunguza kweli. Haikusaidia kitu. Tulipofika, waliponikalisha kwenye kiti, kilizama papo hapo mpaka miguu yangu ikagusa chini, na magongo yangu yaliingia mchangani yote mawili yakabaki vishikio. Ikawa hakuna namna nyingine ila kuniweka mkekani, chini ya turubai lililofungwa juu ya nguzo nne. Nikatandaziwa mto, nikawekewa sanduku la barafu lililojaa maji na soda, karibu kabisa na mkono wangu. Nilimwona dereva akibeba kiti cheupe cha plastiki na furushi la turubai kwenda nyuma ya kichuguu cha mchanga. Nikadhani anajitafutia pa kuvutia sigara.

Kisha gari la wageni wengine likakwama mbali kidogo, dereva akaenda kulikwamua. Wenzangu walikuwa na hamu ya bahari. Walisimama wakinizunguka, hawataki kuniacha, nami nikawafukuza.

"Endeni bwana! Mnanizibia hewa."

Wakaenda. Mwanzoni niliwaona kama vitone vya rangi ukingoni mwa maji, halafu wakazunguka mahali nisipopaona.

Kilichonitia hofu kwanza kilikuwa kivuli. Nilikuwa nimekaa katikati yake, na baada ya muda nikaona jua limenifikia vidole vya miguu. Watu wenye miguu hawajui kwamba kivuli hutembea, kwa sababu wao hukifuata bila kufikiri. Mimi nilikitazama kikiniacha. Nikajiburuta kwa viwiko, nikavuta miguu kwa mikono, mmoja halafu mwingine, mchanga ukaniunguza mapaja kupitia nguo. Nikapumzika. Kikahama tena. Nikajiburuta tena, na sanduku la barafu nikaliburuta pamoja nami. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo: nililivuta sanduku, nikahakikisha haliungui, na sikulifungua.

Nilikuwa na kiu ya kutisha. Ulimi ulikuwa umenata kwenye kaakaa. Kichwa kilianza kugonga upande mmoja, kisha pande zote mbili, na moyo ukawa unakwenda mbio ilhali nimekaa kitako. Nilishika shingo, nikaikuta kavu. Tangu asubuhi nilikuwa nikitoka jasho, na sasa jasho limekwisha. Nilijua maana yake. Mtu hakai na nesi chumba kimoja asijue.

Nikafungua sanduku. Nikatoa chupa, nikaishika shavuni, baridi yake ikanifanya nitake kulia. Na kichwani nikawaza hivi: nikinywa, baada ya saa moja nitabanwa. Nikibanwa, nani ataniinua? Nitapelekwa wapi, na mbele ya nani? Yule dereva, mzee wa heshima, ageuze uso wapi, na jangwa lote hili halina hata kichaka? Nikaona nilivyo, nimebebwa hewani, nguo imelowa, watu wananiambia haidhuru. Niliogopa kufa, sitadanganya. Ila hilo nililiogopa zaidi.

Nikairudisha chupa.

Nikapiga kelele ya kuwaita. Sauti haikutoka, ilitoka pumzi tu. Simu haikuwa na mtandao. Upepo ulikuwa ukipiga turubai, na mimi nikawaza kwamba watanikuta nimekufa kwa kiu huku nimekumbatia sanduku la maji, na hakuna atakayeelewa. Mama yangu ataelezwa nini? Hapo ndipo hofu ilipokuwa hofu kweli.

Nesi ndiye aliyerudi, amesahau kofia. Alikuja akiimba, akanyamaza. Alipiga magoti, akanifinya ngozi ya mkono, akatazama inavyochelewa kurudi.

"Wee! Umekunywa maji lini?"

Nikageuza uso.

"Usinicheze, mimi ni nesi. Mara ya mwisho ulienda choo lini?"

"Jana," nikasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Jana?" Akafungua chupa, akanisukumia mdomoni. Nikaufumba. Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Unataka kufia hapa? Aki, unataka kufa na maji yako hapa?"

Ndipo likanitoka, neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu tangu utoto.

"Nikinywa, nitakwenda wapi?"

Mkono wake ukashuka. Akageuka akatazama kile kichuguu, akanitazama mimi.

"Kwani dereva hakukuambia?"

Wale dada wawili, waliokuwa wakirudi nyuma yake, wakafika mbio. Nesi alinipa maji kwa vifuniko vya chupa, kidogo kidogo, yenye chumvi na sukari, na nilikunywa nikilia. Jua lilipopungua ukali, wakanibeba wawili kwa mikono iliyofumbatana, mmoja akatangulia. Nyuma ya kichuguu palikuwa na kibanda cha turubai chenye pazia la leso. Ndani kulikuwa na kile kiti cheupe, kimekatwa tundu la mviringo na kusuguliwa kingo kwa msasa, ndoo chini yake, kamba ya kushikia, na miguu ya kiti imewekwa juu ya ubao ili isizame. Pazia lilikuwa na kifungo. Mlango wa kufunga.

Dereva aliporudi alikaa mbali, mgongo ametugeuzia, mpaka nesi alipomwita.

"Mbona hukumwambia?"

"Mie? Mwanamke wa watu nimwambie habari za choo?" Alikuwa ameona haya hata sauti ilipungua. "Nilidhani utamwambia wewe."

"Na mimi nilidhani umeshamwambia!"

Nikamwuliza alijuaje. Alichora chora mchangani kwa kidole kabla ya kujibu.

"Basi langu, dada. Asubuhi unapanda na chupa imejaa, jioni unashuka na chupa imejaa. Mamangu, miguu ilipomkataa, harusini alikuwa hata chai haigusi. Sie watoto tukisema mama hapendi chai."

Usiku ule nililala vibaya, kila upepo ukinishtua, na alfajiri nilikunywa chai vikombe viwili nikiogopa kila funda.

Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huko, tukarudi kazini. Ndani ya basi, dereva akinitazama kwenye kioo, nilifungua chupa yangu nikanywa yote mpaka tone la mwisho. Nilifanya makusudi, kwa kuwa najijua: nisipobanwa, nitapata sababu ya kuahirisha. Kisha nikakisukuma kiti changu cha magurudumu mpaka mbele ya msimamizi wa usafi, watu wamejaa.

"Naomba ufunguo wa choo," nikasema.

"Unataka nini?"

Nikamwambia mara ya pili.